Funga Koki

Neno hili lilizaliwa kilabuni,
si kambini, wala si kitabuni.
Lilitoka kinywani mwa Machteld wa Breda,
mjane wa mpika pombe,
mwenye mapipa saba, ukumbi wenye moshi,
na askari wa kigeni wanaokunywa kwa daftari la madeni.

Saa tatu za usiku wakati wa baridi,
saa nne kiangazi,
mvulana hupita na ngoma kiunoni,
kofia imemzidi, viatu vimemshinda:
Jabez Thirkettle wa Norfolk, miaka kumi na mitatu.
(Jina nimelitoa kwenye daftari la kanisa letu.
Mengine nayapika mwenyewe.)
Nyuma yake sajini na bakora.
Anapiga, na mlango kwa mlango
wenye vilabu wanaitikia kwa lugha yao:
tap tu!
Koki, funga!
Machteld anaigeuza shaba kwa kiganja.
Tone la mwisho linaning'inia, linafikiri, linaanguka.
Askari aliyekuwa akisimulia habari za mkewe
anakatwa katikati ya jina lake.

Hilo tu.
Halikutaja mfalme, halikutaja bendera.
Lilisema bia imekwisha, kalale.

Jabez hakujua Kiholanzi.
Alidhani ndivyo inavyoitwa ngoma yake,
kama mtoto anayedhani "haya basi"
ni jina la kila mgeni anayeondoka.
Akalitia neno ndani ya ngoma,
pamoja na soksi na kipande cha jibini,
akavuka nalo bahari ya kijivu.
Njiani koki ikadondoka, na pipa likadondoka,
ukabaki mshindo mtupu:
tatuu.

Sasa lina uwanja wake, na taa, na farasi waliochanwa mikia.
Watu wanakata tiketi tangu Januari.
Neno lililokuwa likilaza watu
linawakesha, nao wanapiga makofi.

Lakini sisi wa Thetford tulikuwa na jingine.
Bibi yangu Keziah alikuwa akigonga meza,
vidole vinne, kuanzia kile kidogo,
kila asubuhi mpaka tarishi apite.
Mumewe alikuwa ng'ambo, matopeni.
"Acha tatuu ya shetani," mama yake alimwambia.
Tarishi alipita.
Siku moja hakupita, alisimama.
Meza tunayo bado.
Rangi imechakaa mahali panne.

Mwaka jana mjukuu wangu Kester alirudi kutoka jeshini
amechora ngoma begani kwa wino wa buluu.
"Bibi, ni neno lile lile?"
Nikamwambia hapana, mwanangu,
hilo la ngozi lilitoka bahari nyingine kabisa,
kwa watu wa visiwa wanaogonga wino
kwa mfupa na kijiti.
Maneno mawili yasiyojuana
yalikutana kwetu mvuani
yakaazimana koti.
Akacheka. Ni muda sijamsikia akicheka.
Kisha akasema, polepole,
"Lakini yote yanagonga ngozi."

Nimelala nalo, hilo.
Moja hugonga ngozi ya mbuzi aliyekufa,
moja hugonga ngozi ya mtu aliye hai,
na mbuzi peke yake ndiye asiyesikia.

Kambi imeuzwa, yamejengwa maghorofa.
Baa ya kona hufunga kwa kengele,
naye Kester hurudi, hupanda, hushuka.
Halali.
Namsikia jikoni, vidole vinne,
pale pale palipochakaa.
Nani atampitia kijana huyu na ngoma,
amwambie siku imekwisha, hata yake?

Nashuka na koti juu ya gauni la kulalia.
Hatusemi kitu.
Kwenye sinki maji yanadondoka,
yanadondoka.
Naikaza koki.

Vidole vinasita,
vinasikiliza,
vinaendelea.